Vaux-le-Vicomte: bustani ya Kifaransa iliyofufuliwa zaidi ya mara moja

Wadau, ukitaja bustani za kifahari za Ufaransa, wengi akili inakimbilia Versailles. Sawa, lakini kabla yake kuna hii, Vaux-le-Vicomte, kama kilomita 55 kusini-mashariki ya Paris.

Mwenyewe alikuwa Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa Mfalme Louis XIV, na bustani ilichorwa na André Le Nôtre. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme kwenye sherehe ambayo si mchezo. Tarehe 5 Septemba akakamatwa kwa tuhuma za kula fedha za serikali, na alifia kifungoni mwaka 1680. Watu hupenda kusema mfalme aliona wivu siku ile, kumbe mpango wa kumkamata ulishaiva kabla ya sherehe. Mafundi wake ndio hao hao waliopelekwa Versailles.

Sasa kazi ya Le Nôtre ilikuwa ya kuchezea macho. Mabwawa ya mbali aliyachimba makubwa kuliko ya karibu, hivyo ukisimama kwenye kasri unaona kama bustani ni fupi. Anza kutembea uone! Ghafla unakutana na mfereji wa karibu kilomita moja uliokatiza njia, ambao kule juu hukuuona kabisa. Ndiyo maana kuikarabati siyo kupanda maua tu: ukikosea vipimo, mchezo wote umeharibika.

Na iliharibika kweli. Mwaka 1847 mkewe mwenye kasri wa wakati huo, Duke wa Choiseul-Praslin, aliuawa Paris. Duke akatuhumiwa, akanywa sumu akafa. Kasri likatelekezwa karibu miaka 30, magugu yakatawala. Mwaka 1875 likapigwa mnada, akalinunua Alfred Sommier, tajiri wa viwanda vya sukari. Akamleta Élie Lainé, mtaalamu wa bustani, wakaanza kurudisha mabwawa, sanamu na mistari ya zamani. Ile sanamu kubwa ya Hercules kule mwisho wa bustani iliwekwa mwaka 1891, zaidi ya miaka 200 baada ya Fouquet!

Hapa ndipo penye utata. Yale mapambo ya kijani mbele ya kasri, yanayofanana na nakshi za kitambaa, watalii waliyapiga picha wakidhani ni ya Le Nôtre mwenyewe. Wapi! Yalipandwa upya miaka ya 1920 na Achille Duchêne, akifuata michoro ya kale. Yaani ni makisio ya fundi mzuri.

Nakshi hizo zilikuwa za buis, mmea mfupi unaokatwa kwa mkasi kama michongoma yetu. Mwaka 2008 nondo kutoka Asia Mashariki akaonekana Ufaransa. Viwavi wake wanautafuna mpaka unabaki vijiti. Ongeza ugonjwa wa fangasi. Mwisho wa miaka ya 2010 Vaux wakaing'oa, na baadaye wakatandaza mikanda ya alumini inayong'aa juani.

Wapo walionuna, eti bati bustanini! Mimi naona wako sahihi kuliko wanaopanda mmea mwingine na kujifanya hakuna kilichobadilika. Alumini angalau haimdanganyi mtu kwamba ni ya mwaka 1661. Mnaobisha, uwanja ni wenu hapo chini.