Jiwe la Amethisto na Kifuko cha Kifuani

Mwaka juzi dada mmoja wa usharika wetu alimzika mama yake. Miezi michache baadaye nilimwona ibadani ameshika kitu kidogo cha zambarau kiganjani, akikipapasa wakati wa maombi. Nilipomuuliza mlangoni alinionyesha: amethisto, jiwe aliloagiza kwa simu. Aliambiwa kwamba litamtuliza, litampa usingizi na kumfanya mtu mpya. Mimi nilisema neno moja tu: "Hirizi." Akanijibu kwa upole, "Mchungaji, na yale maji ya upako ambayo wazee wetu wanayanunua mjini?" Sikuwa na jibu. Jumapili kadhaa zikapita bila kumwona.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya chuo kutafuta namna ya kumjibu. Nilichokikuta kiliniaibisha kidogo, maana jiwe lile lilikwisha kupita kanisani karne nyingi kabla ya kufika kwenye simu yake.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake "asiyelewa." Watu wa kale waliamini kwamba anayelivaa hashindwi na divai. Plinio, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika habari nyingi za mawe, na yeye asiyemjua Kristo alilihesabu dai hilo kuwa upuuzi wa mamajusi. Mtu angedhani Wakristo wangeishia hapo, lakini haikuwa hivyo. Marbode, aliyekuwa askofu wa Rennes huko Ufaransa tangu mwaka 1096, alitunga kwa Kilatini shairi refu juu ya mawe 60 na nguvu zake. Lilinakiliwa mno na kutafsiriwa katika lugha mbalimbali. Humo yakuti samawi inasifiwa kwamba humsaidia mwombaji kupata kibali mbele za Mungu. Aliyesema hayo ni askofu, si mganga wa porini.

Anayenigusa zaidi ni Hildegard (1098–1179), mama mkuu wa watawa karibu na Bingen, Ujerumani. Katika kitabu chake cha viumbe na tiba, sehemu nzima ni ya mawe. Mwenye hasira kali, anasema, aweke yakuti samawi mdomoni na hasira itazimika. Kalkedoni ivaliwe ikigusa ngozi, nayo huimarisha moyo usiwe mwepesi wa kukasirika. Haya ni mambo ya moyo kabisa, yale yale ambayo dada yetu aliahidiwa. Hildegard alieleza pia kwa nini Shetani huyachukia mawe ya thamani: yanamkumbusha uzuri aliokuwa nao kabla ya kuanguka, na hapo tunasikia mwangwi wa Ezekieli 28. Simwiti mchawi. Aliamini kwamba Muumba ameweka dawa katika viumbe vyake, kama bibi zetu walivyoamini juu ya mwarobaini. Tofauti ni kwamba mwarobaini una kitu ambacho mwili unakipokea. Jiwe lililoshikwa mkononi halitoi kitu.

Sisi Walutheri tungepaswa kuyajua mawe vizuri. Baba yake Luther alipata riziki yake katika migodi ya shaba ya Mansfeld. Johannes Mathesius, aliyekula mezani kwa Luther, alikuwa mchungaji wa Joachimsthal, mji wa migodi ya fedha, na mwaka 1562 alichapisha mahubiri aliyowahubiria wachimbaji. Yeye aliwafundisha Injili kwa kutumia vitu walivyovichimba.

Mawe ya sasa yametoka kwingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 huko Marekani, hasa California, liliinuka vuguvugu la watu waliotafuta mambo ya kiroho nje ya makanisa. Mwaka 1985 Katrina Raphaell alichapisha kitabu kilichosomwa sana juu ya mawe na uponyaji wa nafsi. Wakaazima hata maneno ya sayansi. Ni kweli kwamba fuwele fulani, ukizibana, hutoa umeme kidogo. Ndugu wawili Pierre na Jacques Curie waliligundua hilo mwaka 1880. Lakini kutoka hapo hadi kusema jiwe linapanga upya huzuni ya mtu ni kuruka mto usio na daraja. Na Mungu, ambaye Hildegard hakuweza kulizungumzia jiwe bila kumtaja, sasa hakuhitajika tena. Hata tanzanaiti yetu, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, huuzwa ng'ambo kama jiwe la kutuliza nafsi. Kama ingekuwa hivyo, wachimbaji wake wangelala usingizi mnono kuliko sisi sote.

Mwaka 2001 mtaalamu wa saikolojia wa London, Christopher French, alieleza jaribio alilolifanya kwa watu 80. Wengine walishika fuwele halisi, wengine za bandia, bila kujua. Wenye za bandia walihisi joto na utulivu sawa na wenzao. Nilisoma habari hii mara mbili. Utulivu waliusikia kweli, ila haukutoka kwenye jiwe.

Basi dada yetu hakunidanganya. Usiku alipokosa usingizi alishika jiwe, akatulia kidogo. Sisi tulifika msibani na masufuria na kwaya, tukaanua tanga, tukaenda zetu. Jiwe lilibaki naye.

Katika Kutoka 28 Haruni anavaa kifukoni mawe kumi na mawili, na amethisto imo. Hayakuwekwa ili yamponye Haruni. Yalichorwa majina ya wana wa Israeli, ili kuhani ayachukue juu ya moyo wake kila aingiapo mbele za Bwana. Nimeifundisha sura hii chuoni mara nyingi nikihesabu rangi za mawe, nikapita juu ya majina.

Nilikwenda kwake jioni moja, nikamwomba radhi kwa lile neno la mlangoni. Kuhusu maji ya upako nilimwambia kwamba ananishinda, na kwamba baraza la wazee litanisikia. Akalileta jiwe, akaliweka mezani, akaniuliza kama alitupe. Nilimwambia hilo lisubiri, kwanza anikumbushe jina kamili la mama yake. Mimi ndiye niliyemzika, na nilikuwa nimelisahau.