Bastola ya Kibindoni na Mkao Wake

Bastola ikichomekwa ndani ya suruali kwa mbele, kulia kidogo kwa kitovu, wasemaji wa Kiingereza huipa namna hiyo ya kubeba jina la kidole tumbo, kwa kuwa ndipo kiungo hicho kilipo chini ya ngozi. Ukilitafsiri jina hilo lilivyo, msomaji wa Kiswahili atadhani anasoma habari za upasuaji. Magazeti yetu huikwepa taabu hiyo kwa neno moja: kiunoni. Mshukiwa alinaswa na bastola kiunoni. Mfanyabiashara akachomoa bastola kiunoni. Lakini kiuno ni mzunguko mzima. Kina mbele, kina nyonga mbili, kina mgongo, na kila upande una namna yake ya kuficha silaha, hatari yake na maumivu yake. Mitaani watu wanajua kuibandika silaha yenyewe majina, mguu wa kuku likiwa mojawapo, ila mahali inapokaa hapajapewa jina. Ninadai kwamba jina lipo tayari, nalo ni kibindo. Na kwamba kile ambacho Kiingereza hukiita starehe ya kubeba, kwetu hakifai kuitwa starehe hata kidogo.

Kibindo ni lile kunjo la nguo kiunoni, la shuka, kikoi au leso, ambamo mtu hutia fedha au tumbaku na kuikaza nguo juu yake. Mambo matatu yamo ndani ya neno hilo hata kabla ya bastola kufika: kitu kiko kiunoni, kimebanwa baina ya nguo na mwili, na hakionekani. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo istilahi hii inahitaji. Kiunoni hutoa la kwanza tu. Kinena kingeweza kupendekezwa na mpenda usahihi wa kitabibu, lakini kiko chini mno, na sioni askari wa lango akilitamka neno hilo mbele ya mama wa watu. Atakayesema kwamba kibindo ni cha shuka na si cha suruali yenye mkanda nitamjibu kwamba neno lilikwisha kuivua shuka zamani: timu za soka hutia ushindi kibindoni kila wiki, na wachezaji wamevaa bukta. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kunjo hilo huweza kuwa ubavuni pia. Hilo ni kweli, na ndiyo maana katika maandishi yanayotaka uhakika, kama taarifa ya polisi, ningeandika kibindo cha mbele, kulia au kushoto. Katika mazungumzo, bastola ya kibindoni inatosha.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na jina la mahali, na hii mfasiri asiyeijua anaweza kuikosea vibaya. Wakufunzi wa silaha wanaotumia Kiingereza huugawa mwili kama uso wa saa: kitovu ni penye namba 12, nyonga ya kulia ni penye 3, uti wa mgongo ni penye 6. Mahali tunapopazungumzia ni jirani na namba 1. Mfasiri akiandika "saa moja", msomaji wa Kiswahili ataiona kwenye saa yake ile saa moja anayoijua, ambapo mshale mfupi umeelekea namba 7. Hapo bastola imehamia mgongoni, upande wa kushoto. Saa yetu huanza kuhesabu asubuhi inapoingia na giza linapoingia, basi mahali hapo kwa Kiswahili ni saa saba. Hata hivyo, maelekezo yanayomlazimu mtu apige hesabu ya kuongeza sita kabla ya kujua mkono uende wapi si maelekezo ya kutumia penye silaha. Jina la mahali halihitaji hesabu.

Mbele ya kiuno, kwa hakika, si mahali pageni kwa silaha katika pwani yetu na ng'ambo yake. Jambia la Oman huvaliwa hapo hapo, katikati ya mkanda, na ala yake hupinda kwa pembe kali badala ya kushuka wima kuelekea mapajani. Tofauti ni kwamba jambia huvaliwa lionekane. Ni pambo na heshima ya mwanamume. Bastola ya raia wa Nairobi huvaliwa isionekane, na anayeitoa hadharani kutisha watu anaiweka hatarini leseni yake.

Sasa tuje kwenye starehe. Neno hilo kwa Kiswahili linanukia kochi na muziki wa Jumamosi, na mtu akisoma "starehe ya kubeba bastola" atafikiri ni anasa ya mwenye nazo wa mtaa wa Lavington, Nairobi. Jambo lenyewe ni la ufundi. Mtu akisimama, kibindo hakimsumbui sana. Akiketi, paja hupanda, tumbo hushuka, na chombo kigumu kilichopo katikati hubanwa pande zote mbili. Ala ya bastola ikikaa chini mno, mtutu huchimba paja. Ikikaa juu mno, mpini huchoma tumbo na huanza kuinamia nje. Anayetoka Kileleshwa kwenda katikati ya jiji asubuhi atakaa hivyo garini muda mrefu, magari yamesimama, mkanda wa usalama umepita juu ya kitu hicho hicho.

Wengi hukimbilia bastola ndogo wakidhani ndiyo itakayotulia. Mara nyingi haitulii. Bastola ya mtutu mfupi uzito wake mwingi, yaani mpini na risasi zilizomo, uko juu ya mkanda, na chini hakuna cha kuishikilia, basi hupinduka kuelekea nje kila mtu ainamapo. Mtutu mrefu kiasi, au ala iliyorefushwa kupita mtutu, huegemea mwili chini ya mkanda na kuizuia isipinduke. Mafundi wa ala huongeza kabari upande wa mwilini, karibu na ncha ya chini. Kabari husukuma ncha nje na kurudisha mpini ndani. Wengine huweka ubawa mdogo unaosukumwa na mkanda, nao huugeuza mpini kuelekea tumboni ili usijichore kwenye shati. Mkanda wenyewe lazima uwe mgumu. Sifongo laini, ambayo ndiyo mnunuzi huiomba kwanza, haisaidii kitu ikiwa chombo kinaendelea kupinduka. Kiswahili kina namna ya kulisema hili bila starehe: nguo imemkaa, kiatu kimemkaa. Basi bastola nayo imemkaa au haijamkaa, na nomino yake ni mkao. Mkao wa bastola hutegemea mtutu, kabari, ubawa, mkanda na umbo la mwenyewe, na unaweza kurekebishwa hatua kwa hatua, jambo ambalo starehe haituambii.

Mavazi nayo yana sauti yake hapa. Ofisi za jiji hupenda shati lililochomekewa, na shati hilo ndilo adui mkubwa wa kibindo. Koti la suti husaidia mpaka mtu alivue. Suti ya Kaunda, yenye koti linaloshuka juu ya kiuno bila kuchomekewa, huliondoa tatizo lote, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya walinzi wa wakubwa kuipenda. 

Pingamizi ambalo silichukulii kwa wepesi ni la hatari. Bastola ya kibindoni hutazama kinena na paja la mwenyewe, na katika paja hupita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika mtu huweza kufa kwa muda mfupi sana. Wanaopendelea nyonga husema hiyo peke yake inatosha kuikataa mbele. Ninakubali uzito wa hoja, sikubali hitimisho. Hatari kubwa iko katika kuingiza na kutoa, si katika kukaa. Ndiyo maana ala inapaswa kuwa ngumu na kukifunika kifyatuo chote, na bastola kurudishwa polepole, macho yakiangalia, pasipo ncha ya shati kuingia. Nyonga nayo ina udhaifu wake katika jiji hili: kwenye msongamano wa Barabara ya Tom Mboya au ndani ya matatu, kilicho nyuma ya kiwiko chako kiko karibu zaidi na mkono wa jirani kuliko wako. Tena bastola isiyomkaa mtu hushikwashikwa, huhamishwa, au huachwa chini ya kiti cha gari ambalo linaweza kuibwa. Hapa ndipo mkao unapoacha kuwa jambo la raha na kuwa sehemu ya usalama. Lakini yuko ambaye mwili wake hautaukubali mkao wa mbele hata kwa kabari ngapi, na huyo asilazimishwe.

Mwingine atauliza istilahi hii ni ya nani, ikiwa wenye leseni ni wachache na wengi wao husoma Kiingereza. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kweli imeandikwa kwa Kiingereza, na Bodi ya Leseni za Silaha iliyoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2014 hufanya kazi zake kwa lugha hiyo. Desemba 2018, Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alipoagiza wenye leseni wote wahakikiwe upya ndani ya siku 90, mijadala mingi ilikuwa ya Kiingereza vilevile. Lakini silaha haikai na mwenye leseni peke yake. Tangu shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013, lililoua watu 67, kuingia katika jumba la maduka Westlands ni kupita mbele ya mlinzi mwenye kifaa cha kunusa chuma, na mlinzi huyo huuliza kwa Kiswahili. Siku ile raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu, akiwemo Abdul Haji, ambaye kaka yake alikuwa ndani na ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa. Waliingia wakiwa na bastola na nguo za kiraia. Polisi anayemkuta mtu wa namna hiyo anahitaji kuambiwa silaha iko wapi kabla mkono wowote haujasogea, na Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. "Nina leseni, bastola iko kibindoni, kulia" ni maneno ambayo mlinzi, polisi na karani wa mahakama watayaelewa kwa namna moja. "Iko kiunoni" humwacha polisi akiwa na pande nne za kuangalia.