Mathari: Jinsi Nadharia ya Daktari Mmoja Ilivyoinyima Nchi Tiba

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kifungu hicho, urithi wa sheria za kikoloni, kilimhesabu kuwa mhalifu kila aliyejaribu kujitoa uhai akanusurika. Mtu aliyehitaji daktari alijikuta mbele ya hakimu, akikabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili. Waliokwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, miongoni mwao Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ilikuwaje mgonjwa afanywe mshtakiwa hata baada ya miaka zaidi ya 60 ya uhuru?

Chanzo kimojawapo kiko katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Thika. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mara nyingi Mwafrika hakufika pale kwa kutafuta nafuu. Aliletwa na wakuu wa serikali baada ya kuvuruga amani, na kazi ya kwanza ya hospitali ilikuwa kumfungia.

Mwanahistoria Jock McCulloch, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu tiba ya akili chini ya wakoloni, anampa nafasi kubwa daktari mmoja, John Colin Carothers. Carothers alifika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari wa kawaida, akazunguka wilayani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1938 alikabidhiwa Mathari bila kuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Akaiongoza hadi mwaka 1950.

Akiwa hapo alihesabu Waafrika waliolazwa, akalinganisha na idadi ya watu wa koloni zima. Akaona walio wodini ni wachache, akahitimisha kwamba wazimu ni adimu kwa Waafrika na kwamba sonona karibu haiwapati. Hakuzingatia vya kutosha kwamba hospitali ilikuwa moja, na kwamba mama aliyekuwa akilia usiku kucha kijijini hakuwa na askari wa kumleta Nairobi. Alikosa kuwaona wagonjwa, akadhani hawapo.

Hakuishia hapo. Alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Maneno hayo hayakubaki katika faili za Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilimwita achunguze saikolojia ya wapiganaji. Ripoti yake ililigeuza dai la ardhi na uhuru kuwa mtikisiko wa akili za Wakikuyu, na ikaunga mkono kuwahamishia watu katika vijiji vya lazima.

Mwaka huohuo wa 1954, jibu lilikuwa likiandaliwa Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, kijana wa Abeokuta aliyesomea udaktari Birmingham, alirudi nyumbani kuongoza hospitali ya Aro. Aliwapangisha wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake wa kumhudumia, nao wakawa wanakwenda hospitalini kwa matibabu. Aliwashirikisha hata waganga wa jadi. Katika maandishi yake alizishambulia nadharia za aina ya Carothers kuwa ni hadithi za kibaguzi zilizovishwa joho la sayansi. Kisha yeye na wenzake kutoka Marekani walikwenda kuwauliza wanavijiji wenyewe, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1963 wakaonyesha kwamba dalili za sonona zimejaa tele miongoni mwa Wayoruba. Lambo alikuja kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lilelile lililomchapisha Carothers.

Kenya nayo ilipata ushahidi wake. Mwaka 1979 madaktari David Ndetei na John Muhangi walichapisha utafiti wa zahanati ya mashambani: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano waliofika pale alikuwa na maradhi ya akili. Walikuja wakilalamikia mwili, si akili.

Baadaye zikaja sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989, Katiba ya mwaka 2010 iliyozipa kaunti jukumu la afya, na mwaka 2020 kikosi kazi kilichopendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Karatasi ni nyingi, lakini tiba bado ni haba. Mnamo Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, na nchi ikacheka badala ya kuuliza walikuwa wakikimbia nini.

Aibu ya leo si ya Carothers tena. Nadharia yake ilikwisha kuvunjwa, lakini mpango aliouacha bado tunauishi: tiba imerundikwa mjini, na mgonjwa wa mbali amebaki na pingu, kamba au maombi peke yake. Mwaka 2023 serikali ilituma wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 vijijini. Kila mmoja wao afundishwe kuitambua sonona na kumfikisha mgonjwa kwenye zahanati, na kila zahanati iwe na dawa na mtu aliyefunzwa kuzitoa. Magavana wanaopanga bajeti wanajua la kufanya, wananchi wawadai.