Toroli za Mombasa

Kabla ya magari ya mota kuenea kisiwani, aliyetaka kwenda kwa reli kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini alipanda toroli. Hiki kilikuwa kigari kidogo cha magurudumu manne, chenye kiti cha watu wawili na kipaa cha kukinga jua, kilichopita juu ya reli ya upana wa futi mbili. Hakikuwa na injini wala hakikuvutwa na mnyama. Kilisukumwa na watu, tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920.

Reli zenyewe hazikununuliwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 chini ya Sir William Mackinnon, ilikusudia kupeleka reli nyembamba hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1890 ilianza kuitandika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Reli ilipofika maili saba hivi kazi ikakwama, kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kuiendeleza. Chuma kikang'olewa, kikavushwa kisiwani na kutandikwa mitaani.

Mji ulikuwa na haja nacho, kwa kuwa ulikuwa na milango miwili ya bahari. Majahazi yalitia nanga Bandari ya Kale, karibu na Ngomeni, na huko ndiko zilikokuwa forodha, ofisi na nyumba za wafanyabiashara. Meli kubwa za moshi zilitaka maji marefu, nayo yalikuwa Kilindini, magharibi ya kisiwa, kama jina linavyosema. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Kilindini mwaka 1896, watu na mizigo ya kwenda upande huo iliongezeka. Reli hiyo, yenye upana wa mita moja, ilifika Kisumu Desemba 1901. Ndani ya mji, hata hivyo, mwenye haraka aliendelea kutegemea toroli.

Njia ilipita Ndia Kuu, ikavuka kisiwa kwa kufuata barabara ya Kilindini, ambayo leo ni Barabara ya Moi. Vijia vilichepuka kuelekea ofisini na kwenye nyumba za wakubwa, hata afisa akaweza kupanda toroli mlangoni kwake na kushukia kazini. Wengine walikuwa na toroli zao binafsi, wengine walikodi.

Wasukumaji ndio waliobeba usafiri huo wote. Mara nyingi walikuwa wawili, wakikimbia miguu mitupu nyuma ya gari katika joto la pwani. Penye mteremko walirukia nyuma ya gari wakapumzisha miguu kidogo, kisha mlima ukawarudisha chini. Toroli mbili zilipokutana uso kwa uso kwenye reli moja, moja ililazimika kuondolewa njiani. Abiria walishuka, wasukumaji wakaliinua gari lao pembeni, lile jingine likapita, kisha wakalirudisha relini. Kwa maafisa wa serikali aliyepisha ni mwenye cheo kidogo, lakini mzigo wa kuinua uliwaangukia wasukumaji wale wale. Katika picha za postikadi za wakati ule wanaonekana wamesimama nyuma ya toroli, mikono juu ya gari, wakingoja amri. Historia ya usafiri wa Mombasa haikamiliki bila wao.

Magari ya mota yalipozidi, toroli zikaanza kuwa kikwazo barabarani, na katika miaka ya 1920 zikaondolewa pamoja na reli zake. Mwaka 1929 tuta la Makupa lilichukua nafasi ya daraja la reli lililounganisha kisiwa na bara, na mwaka 1931 daraja la Nyali lililoelea likafunguliwa upande wa kaskazini, likawarahisishia wenye magari safari ya kwenda bara.

Baada ya hapo kisiwa hakikuwa tena na reli ya kupitia mitaani. Kilibaki na stesheni ya treni za Nairobi, mwisho wa Barabara ya Haile Selassie. Mwaka 2017 treni ya Madaraka Express ya Nairobi ilipoanza safari, kituo chake kilijengwa Miritini, nje ya kisiwa, na abiria wa mjini wakawa wanamalizia safari kwa matatu.