Kukinga na Kukoleza: Istilahi Mbili za Chumba cha Giza

Ufundi wa kuliongoza jicho la mtazamaji ulikuwapo kabla ya kompyuta. Katika chumba cha giza, karatasi ya picha hupata weusi kadiri inavyopigwa na mwanga. Kwa hiyo fundi aliyetaka uso wa mtu ung'ae aliuzuia mwanga kwa kipande cha kadi kilichotiwa kwenye waya. Na aliyetaka pembe za picha zififie aliziongezea mwanga kupitia tundu la viganja vyake. Jicho hukimbilia penye nuru.

Mfano mashuhuri ni picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, Marekani, aliyoipiga Ansel Adams mwaka 1941. Katika nakala alizozitoa miaka ya baadaye, mawingu mepesi yalimezwa na anga jeusi, na mwezi na misalaba ya makaburini vikazidi kujitokeza.

Kiingereza hukiita kitendo cha pili "kuchoma". Tafsiri ya neno kwa neno ingetupotosha, kwani kwetu filamu iliyoungua ni iliyoharibiwa na mwanga. Yafaa basi tuseme kukinga na kukoleza. Rangi hukolea, wala haiungui.

Suala hili si la mafundi pekee. Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ina vitendo hivyo hivyo, na alama zake ni kile kijiti na kile kiganja. Msomaji wa gazeti asiye na jina la kitendo hawezi kuuliza kwa nini uso mmoja umekingwa na mwingine umekolezwa.