Daraja la Wanaoanza, Bunduki za Mabingwa

Mwaka 1947, katika mji wa Johnstown, jimbo la New York, walenga shabaha wa Marekani walianzisha chama cha kitaifa cha mchezo ambao mtu akiutazama kwa mbali haoni chochote. Mchezaji anaketi nyuma ya meza nzito, mara nyingi ya zege, na bunduki yake imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele na mwingine chini ya kitako. Katika mashindano yao ya msingi si lazima apige katikati ya shabaha. Anachotafuta ni risasi zake tano zipite karibu na tundu lilelile. Kisha mwamuzi anapima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi, na mwenye umbali mdogo ndiye mshindi. Mwaka 1973 Mac McMillan alipata inchi 0.009 kwa umbali wa yadi 100, na rekodi hiyo ilidumu miaka 40 hadi Mike Stinnett alipopata inchi 0.0077, yaani takribani sehemu ya tano ya milimita moja. Matundu hukaribiana kiasi kwamba nyuma ya shabaha huwekwa karatasi inayosogea polepole, kila risasi iache alama yake peke yake. Bila karatasi hiyo mwamuzi asingeweza kuapa kwamba risasi zilikuwa tano na si nne.

Mchezo wa namna hii umesumbuliwa na swali moja tangu mwanzo: anayeanza aingie vipi? Jibu lililotolewa mara nyingi zaidi ni la kanuni. Linafunguliwa daraja jipya, linawekewa mipaka ya uzito, darubini au aina ya risasi, na inatarajiwa kwamba mtu mwenye bunduki ya kawaida sasa atapata nafasi. Hoja yangu ni kwamba historia ya mchezo huu inalikataa jibu hilo. Kila daraja lililofunguliwa kwa ajili ya bunduki za kawaida lilichukuliwa na mabingwa, na mgeni aliingia kwa njia nyingine kabisa.

Bunduki za mezani za siku za mwanzo hazikuwa na kikomo cha maana cha uzito, na baadhi zilikuwa mitambo ya chuma iliyofaa kukaa juu ya meza tu. Katika miaka ya 1950 yakaja madaraja yaliyopewa jina la bunduki za wakulima na wawindaji waliopiga wanyama waharibifu mashambani: jepesi lenye kikomo cha pauni 10.5 na zito la pauni 13.5, sawa na kilo 4.8 na 6.1. Nia ilikuwa njema. Aliyekuwa na bunduki ya kulinda malisho angeweza kuja nayo Jumamosi akashindana. Ila kanuni ilitaja uzito, haikutaja kazi. Mafundi wakachukua kasiba nene, wakaikata mpaka mizani ikubali, wakaifanya sehemu ya mbele ya mti wake kuwa pana na bapa upande wa chini iteleze vizuri juu ya mchanga, na bunduki ikawa haifai tena kubebwa shambani. Daraja la tatu, lililokusudiwa kufanana na bunduki ya mwanamichezo wa kawaida, lilikuwa na kikomo kilekile cha pauni 10.5 na sharti la kipenyo cha chini cha risasi. Leo mshindani hupiga madaraja yote matatu kwa bunduki moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni daraja la wawindaji, ambalo hushindaniwa kwa alama badala ya ukubwa wa kundi la matundu. Kanuni zake zilijaribu kuziba kila mwanya: bunduki isizidi pauni 10, darubini isikuze zaidi ya mara sita, iwepo sehemu ya kubebea risasi mbili kama ilivyo kwa bunduki ya porini, na ganda la risasi lisiwe na ujazo mdogo kuliko la .30-30, risasi ya kale ya wawindaji wa Marekani. Washindani walitii kila neno. Walitengeneza maganda ambayo ujazo wake ulipita kiwango kwa kiasi kidogo tu, wakachimba sehemu ya kubebea risasi mbili, kisha wakaendelea kuingiza risasi mojamoja kwa mkono. Aliyefuatilia mashindano ya shule anawajua mamluki: mchezaji wa ligi aliyevishwa sare ya kidato cha pili. Hapa sare ilivishwa bunduki. Sioni udanganyifu wowote, maana mchezo uliojengwa juu ya kutafuta usahihi wa mwisho hauwezi kumwomba mtu asitafute.

Sasa itazame miaka ambayo mgeni aliingia kwa urahisi zaidi. Mwaka 1950 kampuni ya Remington ilitoa risasi ya .222, iliyobuniwa na Mike Walker, mhandisi wake ambaye mwenyewe alikuwa mshindani wa mezani. Kwa zaidi ya miaka 20 risasi hiyo ilitawala mashindano, nayo ilipatikana dukani pamoja na bunduki yake. Mtu aliweza kununua kitu kilekile alichotumia bingwa, hata kama bingwa alikuwa amekirekebisha, na akajua kwamba anajifunza jambo lililo sahihi. Hakuwa amewekwa pembeni katika kundi la wanagenzi.

Katikati ya miaka ya 1970 Lou Palmisano, daktari, na Ferris Pindell, fundi, walileta risasi fupi na nene inayoitwa PPC, na mambo yakabadilika. Ganda lake lilitokana na risasi ya uwindaji ya Kirusi, nayo ilitokana na 7.62×39, risasi ileile ya Kalashnikov ambayo askari wetu huiita SMG. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba chombo sahihi kuliko vyote katika mchezo huu ni mjukuu wa silaha isiyosifiwa kwa usahihi. Lakini PPC haikuwa ya kuchukua rafuni. Mshindani alinunua maganda ya Kirusi, akaipanua shingo ya kila ganda, akaikwangua kwa kikata kidogo mpaka unene wake ulingane pande zote, kisha akalipiga mara moja ili liumbike ndani ya chemba. Baadaye kampuni ya Sako ya Finland ilitengeneza bunduki na risasi za PPC, lakini mabingwa waliendelea na kazi ya mikono. Umbali kati ya duka na meza ulikuwa umeshaongezeka.

Mtu atasema: basi tatizo ni fedha, na huhitaji historia ndefu kulieleza. Ni kweli kwamba kasiba ya kuagiza, darubini kubwa na vifaa vya kujazia risasi si vya mfuko wa kila mtu. Lakini mwaka 2012 Marekani ilianza kushuhudia mashindano mapya ya Precision Rifle Series, ambamo mpigaji hukimbizana na saa, anahama kutoka kizuizi hadi kizuizi na kupiga vibao vya chuma vilivyo mbali. Vifaa vyake ni ghali pia, na bado vijana walimiminika. Mwaka huohuo jarida la Precision Shooting, lililokuwa sauti ya watu wa mezani kwa miongo mingi, liliacha kuchapishwa. Kama bei ingekuwa sababu yote, mchezo mpya nao ungekosa watu. Wengine watajibu kwamba kijana anapenda mwendo na mlio wa chuma, si karatasi. Hapo nakubali nusu. Karatasi haimpi mtazamaji kitu, na hakuna kanuni itakayobadilisha hilo. Ila aliyekwisha kuketi mezani si mtazamaji tena, na kinachomfanya arudi ni kuelewa kwa nini risasi yake ya tatu ilitoka nje.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa mashindano ya F-Class, yaliyoanzishwa na Mkanada George Farquharson kwa ajili ya wapigaji wazee ambao macho na viungo havikuweza tena kustahimili upigaji wa mkanda wa mkono. Mashindano hayo yalienea duniani. Je, si daraja jipya lililofaulu? Lilifaulu, lakini lilileta watu waliokuwa tayari ndani ya klabu, wanaojua upepo na baruti. Na tawi lake lenye masharti makali, linaloruhusu risasi mbili tu, .223 na .308, na bunduki isiyozidi kilo 8.25, nalo limekuwa na bunduki za kuagiza kama madaraja mengine.

Njia iliyofanya kazi muda wote ilikuwepo bila kuandikwa katika kanuni. Washindani wa mezani hujaza risasi zao palepale uwanjani kati ya zamu na zamu: fataki mpya kwenye ganda, baruti kutoka kwenye kipimo cha mkono, kichwa cha risasi kikisukumwa kwa kishinikizo kidogo. Kazi hiyo hufanywa kwenye meza za pamoja, mbele ya macho ya mpinzani, na anayeuliza hujibiwa. Anayekuja bila bunduki inayofaa mara nyingi huazimwa. Mbele ya meza zimesimama bendera ndogo za upepo, na mkongwe aliyeketi jirani anaweza kumwonyesha mgeni ni ipi ya kutazama kabla ya kufyatua. Hata mashindano ya .22 ndogo, ambayo risasi zake hazijazwi nyumbani, yanamwondolea mgeni karakana, hayamwondolei haja ya kusomewa upepo.

Kwa hiyo klabu inayotaka wageni iachane na kamati ya kubuni daraja jingine. Inunue bunduki moja nzuri ya kuazimisha, ya kiwango kilekile cha mabingwa, na imteue mtu wa kuketi karibu na anayeitumia.