Nguo Isiyoshonwa: Historia Fupi ya Pambo la Sikukuu katika Mrima

Inapoingia Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, na inapokaribia Idi, mitaa ya upwa wa Tanga huvikwa nguo. Vipande vya vitambaa vilivyosalia kwa fundi cherehani hukatwa pembetatu. Ukingo wake mpana hukunjwa juu ya kamba, hupakwa gundi ya unga uliopikwa, kisha hubanwa kwa vidole mpaka ikamate. Hivyo ndivyo vibendera vipatikanavyo, na watoto ndio mafundi wake wakuu. Penye uwanja mpana, watu wazima hutoa kanga, wakazifunga ncha kwa ncha zikawa ukuta wa rangi. Katika kazi yote hiyo sindano haiguswi.

Mgeni aweza kudhani kwamba sindano haiguswi kwa sababu ya ufukara au ya haraka. Lakini heshima ya nguo katika upwa huu haikutegemea mshono tangu zamani. Mtoto hubebwa kwa mbeleko, nayo ni kanga tupu. Mwanamume hujifunga msuli au kikoi. Hujaji huvaa ihramu, shuka mbili zisizoshonwa. Na maiti huvishwa sanda ambayo hufungwa tu. Nguo isiyoshonwa haijawa mali ya umbo moja la mwili, ndiyo maana yaweza kutoka mwilini ikaenda kambani, na kesho yake ikarudi mwilini bila kuharibika.

Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya safari za nguo hizo. Neno *bendera* na neno *leso* yote mawili yaliingia kwa njia ya Wareno. *Merikani*, ile nguo nyeupe nzito ya pamba, ilichukua jina la nchi ilikotoka: meli za Salem, Massachusetts, ziliileta Unguja kwa wingi baada ya Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Kutoka Unguja ilivuka hadi Tanga na Pangani, ikapanda bara mabegani mwa wapagazi, ikatumika kama fedha. Ilipotiwa nili ikaitwa kaniki.

Historia ya kanga ina ajabu yake. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso zikiwa bado hazijatenganishwa, sita kwa pamoja. Wakazikata tatu tatu, wakaziunga kwa mshono, zikawa shuka moja yenye miraba sita. Wafanyabiashara walipoona namna hiyo inavyopendwa, waliagiza ichapwe nzima katika kitambaa kimoja, yenye pindo lake na mji wake. Kwa hiyo kanga ilianza kwa mshono, kisha ikauacha. Baadaye ikapata na maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, halafu kwa hati za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, ni miongoni mwa yaliyoueneza mtindo huo katika pwani nzima. Tangu hapo kanga ikitundikwa haipambi tu: hunena, na anayepita husoma.

Kwamba nguo iliyotundikwa hunena, watu wa Pangani walilijua vizuri mwaka 1888. Mwezi wa Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani hii. Agosti ilipofika, mwakilishi wa Kampuni katika Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni ipepee mjini. Askari wa manowari wakashuka pwani, na bendera ya Sultani ikaondolewa. Bendera hiyo ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, hakina nakshi wala herufi. Manung'uniko juu ya ushuru na ardhi yalikuwako, lakini kushushwa kwa kitambaa kile kuliyapa manung'uniko hayo sura ambayo kila mtu aliweza kuiona kwa macho. Vita vikawaka. Abushiri bin Salim, kiongozi wake, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akavitungia utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ambao J. W. T. Allen aliutafsiri kwa Kiingereza.

Kamba inayobeba mapambo nayo ina nasaba. Wazee waliitumia ya usumba, iliyosokotwa kutokana na makumbi ya nazi. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na Tanga ikawa bandari yake. Manamba walioukata mkonge huo waliletwa kutoka mbali, na ujira wao ulikuwa haba. Kamba iliyofungwa juu ya mtaa siku ya Idi imebeba pia jasho hilo.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa, ikapanda ya kijani, nyeusi na manjano. Mwaka 1964, baada ya Muungano, buluu ya Zanzibar iliongezwa. Rangi za taifa nazo zikaingia kambani, zikakaa kando ya kijani cha Maulidi.

Siku hizi mashine huchapa mabango ya plastiki yenye jina la mwenye shughuli, tarehe na picha. Yanang'aa, na yanasomeka kutoka mbali. Lakini bango lililoandikwa tarehe halina kazi siku ya pili. Huishia jalalani au huziba tundu la paa. Kanga haina tarehe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa mtu mmoja usemi huo ni kweli. Mtaa, hata hivyo, husitirika kwa nguo za kuazima: kila nyumba hutoa yake, na sherehe ikiisha kila mwenye kanga huijua yake kwa maneno yake, akaifungua fundo, akaikung'uta vumbi na kurudi nayo nyumbani. Fundo hufunguka pasipo kuacha alama. Mshono haufunguki hivyo, na plastiki haina wa kuirudia.